Nizike Nirudi Nyumbani

Siku ambayo Nashon Olweny alizikwa kwao Karungu, yeye mwenyewe alikuwa msituni Kongo akichambua maharagwe. Ilikuwa Jumamosi, jua likikaribia utosini, ingawa chini ya miti ile mikubwa mtu hulijua jua kwa kukisia tu. Waasi walikuwa wamemwekea gunia upande mmoja na sufuria upande wa pili, naye alitoa vijiwe na punje zilizotobolewa na wadudu, akavitupa. Kando yake aliketi Bichage. Kifundo cha mguu wa kushoto wa Bichage na kifundo cha kulia cha Nashon vilifungwa kwa mnyororo mmoja. Walikuwa wamefungwa hivyo miezi kumi na minne, hata usingizini walishazoea kugeuka pamoja.

Wote wawili walikuwa mafundi wa minara ya simu. Nashon ni mtu wa Karungu, kando ya ziwa. Bichage ni Mkisii aliyejenga karibu na Oyugis pamoja na mkewe, Mellen, fundi wa cherehani. Kampuni moja iliwachukua kwa mkataba wa miezi sita wakasimamishe minara mashariki ya Kongo, wakapewa dereva pia, Wesley. Wiki ya tano, gari lao lilisimamishwa na watu wenye bunduki, wakaingizwa msituni kwa miguu. Kampuni ilisema inashughulikia. Wakubwa wakasema wanafuatilia. Miezi ikapita, na hakuna aliyetokea.

Wesley alikufa kwa homa. Siku zake za mwisho alitetemeka mno, Nashon akamvika jaketi lake mwenyewe, na mfukoni mlibaki kitambulisho cha Nashon. Waasi waliutupa mwili mtoni. Wavuvi wa huko chini waliuokota, na kwa kuwa ulikuwa umeharibika, wakauzika palepale. Kitambulisho kikasafiri mkono kwa mkono mpaka kikafika Karungu.

Nashon hayo aliyajua baadaye. Hakujua kwamba ndugu zake walikaa wakakubaliana kwamba amekufa. Hakujua kwamba walichuma tunda la yago, lile tunda refu, zito kama mtoto mchanga, ambalo Wajaluo huzika mahali pa mtu ambaye mwili wake haukurudi. Walilifunga blanketi, wakalilaza ndani ya jeneza, wakalia, na Jumamosi ile saa sita wakaliteremsha shimoni.

Kwanza alisikia kilio. Wanawake wengi, kwa Kijaluo, mbali sana, kama sauti inayovuka maji. Alimuuliza Bichage kama anasikia. Bichage alisema hasikii chochote ila ndege.

Kisha kikaja kishindo kifuani. Kama mtu amemtupia kitu. Kikaja kingine. Na kingine. Akafungua mdomo avute hewa, hewa haikuingia. Mdomo ulikuwa umejaa udongo.

Akatema. Udongo wa pale kambini ulikuwa mwekundu. Aliotema ulikuwa mweusi, wenye vipande vya makombe ya ziwani.

Alipopata nguvu ya kuinua macho, mnyororo ulikuwa umelala chini. Pingu ya mguu wake ilikuwa imefungwa, kufuli mahali pake. Ndani yake hamkuwa na mguu.

Mlinzi alikuja kuchukua maharagwe, akasimama. Alitazama sufuria, akatazama pingu, akapiga mbinja. Wakaja wengine. Nashon alikuwa ameketi palepale, magoti yakigusana na ya Bichage, na hakuna aliyemtazama. Walimuuliza Bichage mwenzake yuko wapi, na kabla hajajibu wakaanza kumpiga kwa vitako vya bunduki. Nashon aliinuka akapiga kelele. Alimshika mlinzi mkono kwa nguvu zake zote. Mlinzi aliacha kupiga kidogo, akajikuna pale aliposhikwa, akaendelea.

Walipochoka walikwenda kumtafuta vichakani. Bichage alibaki chini, jicho moja limefumba. Jicho la pili liligeuka polepole, likatua juu ya uso wa Nashon na kukaa hapo. Yeye peke yake alikuwa anamwona.

Siku Wesley alipotupwa mtoni, Nashon alimsimulia Bichage habari ya yago, jinsi watu wake wanavyomzika mtu asiyepatikana. Bichage hakuhitaji kuelezwa tena.

"Wamekuzika," alinong'ona. "Enda, ndugu yangu. Mwambie Mellen anizike mimi pia."

Nashon alihangaika na ule mnyororo mpaka alasiri. Vidole vilipita juu ya chuma bila kukitikisa, kama vile mtu anavyoshika kitu ndotoni. Hatimaye akaondoka, na kila alipogeuka, lile jicho moja lilikuwa bado linamfuata.

Alitembea siku nyingi. Hakuona njaa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko njaa yenyewe. Mbu hawakumuuma. Mvua ilinyesha, shati lake likabaki kavu. Alipofika kwenye barabara alipanda malori ya mbao yanayokwenda Uganda, na hakuna dereva aliyemuuliza. Kwenye lori moja, mama mmoja alipanda akaketi palepale alipokuwa ameketi yeye, juu ya mapaja yake, ndani ya mapaja yake. Nashon hakuhisi uzito wowote. Yule mama alitulia kidogo, akajikunyata kama aliyeguswa na maji baridi, akahamia upande wa pili.

Siku ya kumi na mbili alitaka kulitaja jina la mtoto wake wa mwisho, likakataa kuja. Siku ya kumi na tano uso wa mkewe Lynnet ukamtoka. Akaelewa kwamba anafutika kidogo kidogo, na kwamba siku moja atasimama njiani asijue alikuwa anakwenda wapi. Basi akayashika maneno matatu, akayarudia kila hatua: Bichage, Mellen, Oyugis. Alivuka mpaka wa Busia akiyarudia. Alipita mji wa Migori akiyarudia.

Siku ya ishirini alifika Karungu, mchana kweupe. Wanawake walikuwa wakigeuza omena juu ya nyavu zilizotandazwa juani. Mmoja wao alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Nashon alimtazama kwa muda mrefu kabla hajakumbuka kwamba ni Lynnet. Alimwita karibu kabisa na sikio. Lynnet alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

Nyumbani, kando ya nyumba yake, palikuwa na kaburi lenye msalaba, na juu ya msalaba limeandikwa jina lake. Mama yake, Zilpah, alikuwa ameketi kivulini akibambua karanga. Mama huyu alikuwa amegombana na familia nzima siku ya mazishi. Alikataa kutupa udongo shimoni, akisema hamtupii udongo mwanawe kabla hajamwona. Sasa aliinua kichwa. Karanga zikamdondoka moja moja kutoka mkononi.

"Nashon," alisema kwa sauti ya chini. "Nyathina, mwanangu, usiukaribie mlango. Simama hapohapo."

Hakulia. Alimwita Lynnet kutoka ufuoni, akamwita Gordon, kaka mkubwa wa Nashon, akawaambia walete majembe. Gordon alidhani uchungu umempanda mama kichwani. Alibishana, kisha akachimba kwa kumwonea huruma. Walilitoa jeneza, wakalifungua blanketi. Baada ya siku ishirini ardhini, tunda lile lingekuwa limeanza kuoza. Lilikuwa bichi, gumu, na kuzunguka ncha yake moja kulikuwa na kovu, kama la kitu kilichovishwa pingu.

Gordon alipoinua uso, alimwona ndugu yake amesimama upande wa pili wa shimo, amekonda kubaki mifupa mitupu, akitiririka jasho. Aliketi chini ghafla. Lynnet alimpa mumewe maji. Nashon aliyanywa, akayatapika yakiwa meusi, kisha njaa ya siku ishirini ikamjia yote kwa mara moja.

Tunda walilitupa ziwani, mbali. Majirani waliambiwa kwamba waasi wamemwachilia. Na siku ya tatu, kabla hata hajaweza kupanda mlima bila kupumzika, Nashon alikwenda Oyugis.

Mellen alimsikiliza bila kuinuka kwenye cherehani yake. Nashon alimweleza yote, akiutazama mguu wa Mellen uliokuwa umesimama juu ya pedali. Alipomaliza, Mellen aliuliza jambo moja tu.

"Shemeji, ulimwacha akiwa hai?"

"Akiwa hai."

"Na unataka nimzike."

Nashon alisema si yeye, ni Bichage mwenyewe aliyesema. Mellen akamwomba aende zake. Wiki zilizofuata Mellen alizunguka ofisi moja baada ya nyingine, akabeba picha ya mumewe, akaandika barua, akaketi kwenye mabenchi. Kila mahali aliambiwa asubiri. Nashon alimpigia kila siku, na kila siku Mellen alikata simu kabla hajamaliza salamu.

Kisha kwenye simu ya Mellen ikaingia sauti iliyorekodiwa, kutoka namba ya ng'ambo. Alikuwa Bichage. Alisoma kwa Kiswahili maneno aliyoandikiwa, kwamba kampuni isipotekeleza matakwa yao kufikia mwisho wa mwezi watamuua. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mzee. Mwishoni kabisa akasema jambo haraka kwa Kikisii, lugha ambayo watekaji hawakuijua. Alisema: fanya alivyokuambia Nashon. Nimechoka.

Jioni ileile Mellen alimpigia Nashon. "Lete hilo tunda," alisema, akakata.

Walimzika Bichage Jumamosi, saa sita mchana, nyuma ya nyumba. Shimo halikuwa kubwa, lilimfika mtu kifuani. Nashon alileta yago kutoka Karungu, na Mellen akalivisha sweta la mumewe, akafunga vifungo vyote kwa utaratibu, kama anayemvisha mtoto wa kwenda shule. Nashon alimshauri wasitupe udongo, yeye wala Mellen, ili Bichage akirudi wawe na macho ya kumwona. Waliofukia ni vibarua wawili, ambao hawakuambiwa ni nini kilichomo. Udongo wa kwanza ulipoanguka, Mellen alijishika kifua. Mmoja wa vibarua aliuliza kama kuna mtu amekohoa.

Wakaanza kuhesabu siku. Mellen aliacha mlango wazi mchana kutwa na kuketi kizingitini, cherehani yake imefunikwa. Nashon alipanga chumba hapo Oyugis ili awe karibu. Siku ya ishirini ilifika, hakuna mtu. Ya ishirini na tano. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita, na kutoka Kongo hapakuja sauti wala habari. Nashon hakuwa analala. Alijua jinsi majina yanavyomtoka mtu njiani, naye Bichage alikuwa amepigwa, ana jicho moja. Huenda amesimama mahali fulani barabarani, katikati ya watu, amesahau anakokwenda. Na mtu wa namna hiyo nani atamshika mkono?

Siku ya thelathini na tatu Mellen alisema basi. Popote alipo, afadhali aonekane. Wamfukue.

Walichimba wenyewe, wawili tu. Juu ya kaburi nyasi changa zilikuwa zimeota, hazijavunjwa hata jani. Udongo wa juu ulikuwa umeshikana sawasawa. Mellen alichimba kwa mikono walipokaribia chini, asije akalikata tunda kwa jembe. Alilifikia sweta. Lilikuwa limelala bapa, vifungo vyote vimefungwa. Alilipapasa, akalikunja, akalipapasa tena. Ndani hamkuwa na kitu. Wala mbegu. Wala ganda.

Nashon alikuwa ameshuka shimoni amsaidie. Alishika ukuta wa udongo ili asianguke, na vidole vyake vikaingia kwenye mifereji.

Ilikuwa kumi. Mitano huku, mitano huku. Ilianzia chini kabisa, palipokuwa na sweta, ikapanda na ukuta, mahali pengine imerudiwa mara nyingi mpaka ikawa mashimo. Ilipanda mpaka ikafika chini ya mizizi ya nyasi. Palikuwa pamebaki kiganja kimoja tu.

Nashon alikalia udongo na kulia jinsi ambavyo hakuwahi kulia hata msituni. Alisema amemuua rafiki yake. Mellen alipitisha vidole vyake ndani ya ile mifereji, taratibu, kutoka chini hadi juu, kisha akatoka shimoni na kwenda nyumbani. Alirudi amebeba ngazi ya mbao. Akaiteremsha ndani, akaikandamiza mpaka ikasimama imara.

Hadi leo shimo lile halijafukiwa. Jamaa za Bichage wamesema, pasta amesema, na Mellen huwasikiliza wote kwa heshima, kisha hurudi kwenye cherehani yake aliyoihamishia kwenye dirisha la nyuma. Nashon huenda kumtazama kila mwezi. Hutangulia shimoni kabla ya kubisha hodi.

Mara ya kwanza alikuta tope bichi kwenye kidato cha chini kabisa, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili. Alidhani Mellen ndiye aliyeshuka. Mwezi uliofuata, kidato cha chini kilikuwa kimekauka, na tope lilikuwa kwenye cha pili.

Ngazi ile ina vidato saba. Wiki iliyopita tope lilikuwa kwenye cha tano.