Fundi Viatu Aliyejiita Daktari wa Mende

Fundi viatu alikuwa na mke, watoto wawili, mama mkwe na mende wasio na idadi. Mende hao walitembea ukutani mchana kweupe, utadhani wao ndio wenye nyumba. Asubuhi moja mama mkwe alimkuta mmoja ndani ya kiatu chake. Alimtazama mkwewe tu, na jicho la mama mkwe ni zito kuliko kesi.

Siku hiyo hiyo fundi alinunua dawa ya kuua mende nyumbani, ile inayokaa dukani rafu moja na sabuni. Mkewe alimsomea maelezo ya kwenye kopo mwanzo hadi mwisho. Walifunika vyombo, wakatoa watoto nje, wakapuliza nyuma ya kabati, kisha wakafungua madirisha. Baada ya wiki mbili mende walikuwa hadithi.

Basi fundi akavimba kichwa. Majirani walimwita Daktari wa Mende kwa utani, naye akaitika kwa dhati. Alinunua bomba la kupulizia dawa, la kubeba mgongoni. Kwa mchuuzi mmoja sokoni akapata dawa kali, ndani ya chupa isiyo na karatasi wala jina. Mkewe alimuuliza kama kazi ya kupuliza dawa haitaki leseni. Fundi alijibu kwamba ameshauliza: mtu wa kawaida amesamehewa. Amemuuliza nani? Yule yule mchuuzi.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Mikate, mwokaji wa mtaa. Mende walikuwa wameingia chumba chake cha unga, na wateja walianza kunong'ona. Walikubaliana malipo. Fundi alifika amevaa koti la mvua na jua linawaka, miwani ya mwanawe ya kuogelea, na mtandio wa mkewe puani. Mikate ya asubuhi ilikuwa bado mezani, ya moto. Akashika mpini wa bomba.

Wakati huo huo bwana afya wa mtaa aliingia kununua mkate. Akamtazama fundi kuanzia buti hadi miwani.

"Leseni yako ya kupuliza dawa iko wapi, fundi?"

"Nimesamehewa," fundi alijibu ndani ya mtandio. "Mtu wa kawaida hahitaji leseni."

Bwana afya alimwomba aweke bomba chini, taratibu, kama mtu anavyomwomba mtoto aweke kisu. Kisha akaketi juu ya kreti tupu.

"Umeambiwa nusu," alisema. "Nyumbani kwako, kwa mkono wako, kwa dawa ya nyumbani na kwa kufuata maelezo yake, sheria yetu hapa imekusamehe leseni. Lakini ukilipwa kupuliza kwa mwenzio, hiyo ni biashara. Inataka mafunzo na leseni."

"Na nikipuliza bure?"

"Sumu haijui kama umelipwa. Hapa panapikwa chakula cha watu. Hata bure, huruhusiwi."

Mama Mikate akauliza, je, yeye mwenye mahali anaruhusiwa kufanya nini? Bwana afya alimweleza kwamba kufagia, kuziba nyufa na kutega mitego hakutaki leseni. Sumu ndani ya chumba cha unga ni ya mwenye leseni peke yake.

Fundi akaitazama mikate. Watoto wake walikula mikate hiyo kila asubuhi. Akavua miwani.

"Chukua bomba," alimwambia bwana afya. "Na hii chupa. Mimi sitaki hata kuiona."

Kesho yake alikuja dada mmoja mwenye leseni, akaionyesha kabla hajaulizwa. Alifunga mahali pale siku nzima, akatoa unga wote, akatia dawa kwenye nyufa tone kwa tone. Hakupuliza hata mara moja. Fundi alimwangalia kutoka mlangoni, kisha akauliza kama naye ana la kufanya. Akaambiwa azibe matundu. Alikata vipande vya soli za mpira na kuvipigilia chini ya milango yote, kazi safi kabisa. Mwezi haukwisha, foleni ya wateja wa Mama Mikate ilifika barabarani.

Fundi akarudi kwenye viatu vyake, ameridhika. Ila jambo moja hakuna aliyelijua: alikuwa anaogopa panya.

Jioni moja panya akakatiza chumbani kwa mama mkwe. Bibi huyo alimletea fundi mtego. Fundi akakohoa, akaeleza kwa heshima kwamba hana leseni, na sheria ni sheria.

"Baba," mama mkwe alisema kwa upole, "hapa si kwako? Na huu si mtego tu?"

Fundi akaupokea kwa ncha za vidole. Sheria ilikuwa imemruhusu kabisa, na hakuwa amewahi kutamani kukatazwa kama siku ile.