Nyanya wa Kuzua

Kila siku ya shule, saa kumi kasorobo, nilivua ufunguo shingoni nikafungua mlango wa nyumba yetu ghorofani, Ndia Kuu. Nilijifungia kwa komeo, kama Mama alivyoagiza, nikala chakula nilichoachiwa, kisha nikakaa. Ndiyo, nikakaa tu. Baba yangu, Ronald Ogutu, ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mama, Eddah, aliuza katika duka la dawa Makadara, akarudi nyumbani saa moja jioni. Mimi, Kate, mtoto wao wa pekee, mwenye miaka kumi na miwili, kazi yangu ilikuwa kulinda kuta.

Utasema, si ungecheza na majirani? Majirani gani? Rafiki yangu Bayan akitoka shule alibadilisha nguo akaenda madrasa, na wenzake wote vivyo hivyo. Saa hiyo mtaa ulibaki hauna mtoto hata mmoja. Nilimsikia Bi Afaf, jirani wa chini, akigombana na redio yake, nikaionea gere hiyo redio. Angalau ilikuwa na mtu wa kugombana nayo. Upweke uliniuma, sikufichi.

Chumbani mwangu mlikuwa na vitanda vitatu. Kimoja changu, na viwili vya Kingi na Dama, mtu na dadake, wa miaka sita na minne. Hao walikuwa wakiishi katika nyumba ya watoto ng'ambo ya feri, na wazazi wangu walikuwa wameomba kuwaasili, yaani wawe watoto wao kwa sheria. Mama hakujaaliwa mtoto mwingine baada yangu. Tangu ombi lipelekwe, mwaka mmoja na miezi minne ilikuwa imepita. Kila Jumamosi asubuhi Mama alifua mashuka ya vitanda visivyolaliwa na mtu.

"Mungu hachelewi, Kate," aliniambia. "Sisi ndio wenye haraka."

Kisha tulivuka feri kwenda kuwaona. Kila mara Kingi aliniuliza, "Ni leo?" nami nikamjibu, "Bado." Alitikisa kichwa kama mtu mzima, akamshika Dama mkono, wakarudi ndani bila kulia. Heri wangelia.

Siku moja Bi Mutanu, afisa wa watoto, alikuja kuikagua nyumba yetu. Alizungumza na wazazi wangu sebuleni, halafu akaniomba tuzungumze wawili tu chumbani.

"Ukitoka shule, Kate, nani hukupokea?"

Siku chache nyuma nilimsikia Baba akimwambia Mama, "Wataangalia sana kama watoto watakuwa na mtu mchana." Mimi sikuwa na mtu. Nikaona nikisema kweli, nitakuwa nimewafungia Kingi na Dama mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nyanya," nikasema.

"Nyanya yako anaishi hapa?"

"Ndiyo. Leo ametoka kidogo." Uongo ukishaanza hautulii. Nikaongeza kwamba nyanya hunipikia mahamri, na kwamba ana kikohozi, lakini si kibaya. Hicho kikohozi nilikitoa wapi, mpaka leo sijui. Bi Mutanu aliandika yote.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka ofisini kwa Bi Mutanu. Wazazi wangu walitakiwa kupeleka kitambulisho cha nyanya anayeishi nasi, na cheti cha daktari kuhusu kikohozi chake.

"Nyanya gani?" Baba alishangaa. "Mamangu alifariki kabla Kate hajazaliwa, na mamake Eddah yuko bara, haji pwani hata kwa kubebwa! Hawa wamechanganya faili letu na la watu wengine." Akanigeukia. "Kate, wewe uliulizwa nini?"

"Mambo ya shule tu, Baba."

Huo ukawa uongo wa pili. Baba akaandika kwamba hatuna nyanya nyumbani. Jibu likaja upesi: maelezo ya watu wa nyumba moja yanapingana, hivyo ombi letu limesimamishwa lichunguzwe upya, na kwa sasa tusiende kuwatembelea watoto.

Jumamosi hiyo hatukuvuka feri. Hata hivyo Mama alifua mashuka, akatandika, kisha akapiga magoti kati ya vile vitanda viwili. Alimwomba Mungu awaonyeshe maafisa ukweli. Mimi nilisimama mlangoni na beseni, mwenye huo ukweli, nikanyamaza. Niliwaza Kingi amekaa kwenye benchi la lango akitungoja. Nani atamwambia "bado" leo? Sijapata kujiona mbaya kama siku ile.

Jumatatu niliona njia ya kujiokoa. Badala ya kwenda juu nilibisha kwa Bi Afaf. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye alikuwa akikunja sambusa za kufuturu.

"Shikamoo, Bi Afaf."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona uso umekushuka hivyo?"

Nikamweleza kila kitu, halafu nikamwomba: "Tafadhali, ukubali kuwa nyanya yangu. Ni kwa siku moja tu, Bi Mutanu akija. Na ukohoe kidogo."

Bi Afaf aliiacha sambusa ikafunguka mkononi.

"Astaghfirullah! Mimi nipande ngazi zile na magoti haya nikakohoe uongo? Na nimefunga! Wataka uniharibie saumu yangu, we mtoto?"

Nikaanza kulia. Akanifuta kwa ncha ya leso yake, lakini maneno hakuyapunguza. "Njia ya mwongo ni fupi, Kate, na yako imekwisha. Sasa panda juu, ukamngoje mamako, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Mimi sitamwambia. Nitakuombea tu."

Saa moja Mama aliingia. Sikumngoja hata avue viatu.

"Mama, nyanya ni mimi. Yaani, mimi ndiye niliyemzua."

Nilisema yote, na Baba alipofika nikasema tena. Mama ndiye aliyetangulia kusema, macho yamemjaa machozi.

"Kate, siku ileile aliyokuja nilimwambia Bi Mutanu kwamba unashinda peke yako. Nikamwambia nimeomba kazi ya asubuhi tu, watoto wakija niwe nyumbani mchana. Haikuwa siri! Na wewe, mbona hukuniambia kwamba upweke unakuumiza kiasi hiki?"

"Mnarudi mmechoka," nikasema.

Mama alinivuta kifuani. Baba akakohoa, akasema, "Kesho utakwenda nami ofisini. Utalisema wewe, si mimi."

Ofisini nilieleza yote. Bi Mutanu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nilijua mmoja wenu ananidanganya," akasema. "Sikujua ni nani. Ningewakabidhije watoto wadogo watu nisioweza kuwaamini?" Akaninyoshea karatasi niandike maelezo yangu upya. Kabla sijashika kalamu akaniuliza, "Niambie kweli. Unawataka Kingi na Dama, au unataka tu mtu wa kukaa nawe mchana?"

Swali hilo lilinichoma. Nilitaka kujibu haraka jibu zuri, nikajizuia.

"Mwanzoni nilitaka mtu wa kukaa nami," nikasema. "Lakini mimi hungoja mpaka saa moja, Mama akaja. Wao hungoja, na hakuna anayekuja."

Bi Mutanu alinielekeza mahali pa kuandika.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Tulingoja miezi mitano mingine. Bi Mutanu alikuja mara mbili bila taarifa, na mara ya pili alipitia kwa Bi Afaf. "Huyu mtoto alinitaka niwe nyanyake wa uongo, nikamfukuza," Bi Afaf alimwambia. "Lakini aliyekwenda kuungama ni yeye mwenyewe." Tukaruhusiwa tena kuvuka feri kila Jumamosi. Mama akaanza kurudi saa saba mchana, hata kabla watoto hawajaja. Hatimaye, Ijumaa moja, tuliwaleta Kingi na Dama nyumbani.

Jioni hiyo mimi na wazazi wangu tulikuwa mezani tuliposikia kishindo jikoni. Tukakimbia. Jagi la maji lilikuwa vipande vipande sakafuni. Kingi alikuwa amesimama mbele yake, Dama amejificha mgongoni mwake.

"Ni paka," Kingi akasema.

Dirisha lilikuwa limefungwa, na mlango umetiwa komeo. Hakuna aliyecheka, maana kidevu cha Kingi kilikuwa kikitetemeka. Dama akachungulia. "Mtaturudisha?"

Nikachuchumaa mbele yao. "Mimi nilizua nyanya mzima," nikamwambia Kingi. "Mwenye kikohozi."

Kingi akanitazama sana. "Alikwenda wapi?"

"Hakuwahi kuwapo."

Alifikiri kidogo. Kisha akasema polepole, "Na paka pia hakuwapo."

Mama aliwakumbatia wote wawili, akanivuta na mimi. "Sikilizeni, wanangu watatu," akasema. "Hapa mtu harudishwi kwa kuvunja jagi, wala kwa kusema kweli. Kate alidanganya kwa sababu aliwapenda, lakini uongo wake ndio uliowachelewesha. Kweli ilituaibisha sote, na ndiyo iliyowaleta. Ukiogopa, sema unaogopa, nasi tutajua la kufanya."

Kisha akamwambia Kingi alete ufagio, nami nikashika kizoleo.