Mikono Nyuma, Mwalimu

Kila asubuhi, kabla ya kuteremka kitandani, Mashine alikung'uta mikono yake. Yeye alikuwa ameamka, lakini vidole vilikuwa bado vimelala. Alivikung'uta mpaka ganzi ikapungua, kisha akaenda kuwasha jiko.

Jina la Mashine alipewa na wateja. Alikuwa msusi, na hakuna msusi mtaani aliyemfikia kwa kasi. Ukikaa kwenye kiti chake, uliondoka na kichwa kilichopendeza, na habari za mtaa mzima umezipata bure. Tangu usichana wake hakujua kazi nyingine.

Mume wake alikuwa mlinzi wa ghala. Alirudi nyumbani wakati mke anatoka. Walikutana mlangoni, mmoja amechoka kwa kukesha, mwingine amechoka kabla ya kuanza.

"Umelalaje?" mume aliuliza.

"Mimi nimelala. Mikono ndiyo imekesha."

"Tena?"

"Tena, baba. Chai iko mezani. Kikombe chako kikubwa kimevunjika, kilinitoka mkononi."

Mume alitazama vipande, akaviokota mwenyewe. Alijua si uzembe.

Binti yao alikuwa anavaa viatu vya shule. Alikuwa amenyolewa kipara. Watoto wenzake walimtania: mama msusi, mtoto kipara! Lakini Mashine alisuka vichwa vya watu kutwa nzima, na jioni hakuwa na nguvu hata ya kushika chanuo. Mara ya mwisho alipojaribu kumsuka binti yake, vidole viligoma katikati. Alilia, na kesho yake akampeleka mtoto kwa kinyozi. Jambo hilo lilimuuma kuliko mikono yenyewe.

Siku hiyo alipitia zahanati. Nesi alimbonyeza kifundo cha mkono.

"Ganzi hii ilianza lini?"

"Zamani. Nilidhani ni uchovu tu."

"Ungekuja mapema, dada. Vidole vinarudia mwendo ule ule kutwa, na mshipa wa fahamu unabanwa hapa. Ukiendelea hivi, utashindwa hata kufunga vifungo vya nguo yako. Ipumzishe mikono. Na tafuta kazi isiyovibana vidole namna hii."

Mashine alisikia maneno mawili tu: tafuta kazi.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na jibu tayari. Alifanya kazi kwenye karakana ya kushona sare.

"Njoo kwetu, wifi," alisema. "Unakaa kitako, unakata vitambaa. Hakuna mteja wa kukugombeza."

Mashine alifunga saluni, akaenda. Hakuuliza kazi ya huko inafanywaje. Hakuomba hata kutazama kwanza. Alichojua ni kwamba si kusuka.

Kumbe mkasi wa kukatia vitambaa ni mzito, na hushikwa kwa vidole vile vile! Haukupita muda, kiganja kikavimba. Mashine alirudi saluni kimya kimya. Wateja walimcheka kidogo, kisha wakakaa kitini.

Mmoja wao alikuwa Mama Faili, jirani yake. Mama Faili alifanya kazi katika ofisi ya ajira. Kazi yake ilikuwa kuwashauri watu wanaotafuta kazi na wanaotaka kubadilisha. Alikuwa mkali kidogo, hasa jioni, miguu yake inapovimba.

Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umeshasukwa. Upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama wima. Ndipo chanuo likaanguka. Mashine akaliokota. Likaanguka tena.

"Vipi, Mashine?"

"Samahani, mama. Vidole vimegoma." Mashine alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso. "Nimechoka. Nimechoka mpaka basi. Nikiacha kusuka tutakula nini? Nisipoacha, mikono itakufa. Shule sikumaliza. Na umri huu nianzie wapi?"

Mama Faili alijitazama kwenye kioo. Alikuwa nusu bibi harusi, nusu mtu aliyekurupushwa usingizini. Hata hivyo hakulalamika.

"Ulipohama ile nyumba ya bondeni," aliuliza, "sufuria zako uliziacha?"

"Niziache? Nilibeba mpaka mfuniko usio na sufuria."

"Sasa mbona kwenye kazi unataka kutoka mikono mitupu? Kila siku unasema unaacha, unaacha. Sema unahama. Kule karakana hukuhamia, ulikimbilia. Ulibadilisha jina la kazi, vidole ukavipa adhabu ile ile."

Ilikuwa kweli.

"Haya, niambie. Ukitoa vidole, katika kazi hii unajua nini?"

"Ukitoa vidole hakibaki kitu, mama."

"Fikiri vizuri."

Mashine alifikiri. "Nikitazama kichwa, najua mstari utapinda wapi. Najua nywele zipi zitakatika zikivutwa. Na wale wasichana wa saluni ya kona, wakiharibu kichwa cha mtu hunikimbilia. Nawaonyesha walipokosea."

"Hilo linakuchosha?"

"Hilo? Hilo nalipenda, kwa kweli."

"Basi hilo ndilo la kubeba. Chuo cha ufundi kina darasa la ususi, na wakati mwingine huchukua mafundi wa kufundisha kwa vitendo. Vyuo vingine humpima fundi kwa kumwona akifanya kazi, hata kama hakumaliza shule. Nenda ukaulize wao wanataka nini. Siahidi kitu. Ila safari hii usifunge saluni. Katazame kwanza. Mwulize mwalimu wa huko kinachomchosha, siyo kinachompendeza tu. Na mumeo umwambie kabla, msije mkashtukizana."

"Na kichwa chako, mama?"

"Nitafunga kitambaa. Nani atathubutu kunicheka?"

Mashine alikwenda chuoni kuuliza, na kabla ya kuanza alimwambia mumewe.

"Watakulipa?"

"Bado. Kwanza wananijaribu. Asubuhi nitasuka vichwa vichache, mchana niende chuo."

"Basi tujibane kwa muda," mume alisema. "Vikombe tutanunua. Mikono haiuzwi dukani."

Mwalimu wa darasa la ususi hakumficha kitu. Alimweleza juu ya kelele, wanafunzi wanaochelewa, na sauti inayokauka. Mashine alipima moyoni. Sauti ikikauka angekunywa maji. Ganzi haikuwa na maji yake.

Siku ya kwanza aliiharibu kabisa. Msichana mmoja alipindisha mstari kwenye kichwa cha mwenzake. Mashine akamnyang'anya chanuo, akasuka mwenyewe. Wa pili akakosea, naye akanyang'anywa. Mpaka kipindi kinaisha, vichwa vyote vilikuwa vimependeza, vidole vyake vimekufa ganzi, na wanafunzi hawajajifunza chochote.

"Umekuja kufundisha," mwalimu wa darasa alimwuliza pembeni, "au umetuhamishia saluni?"

"Nimezoea, dada. Mkono unaenda wenyewe."

"Kesho, mikono nyuma, mwalimu."

Kesho yake Mashine aliweka mikono nyuma. Ilikuwa mateso! Msichana alikosea mbele ya macho yake, naye hakuruhusiwa kugusa. Ilimbidi atafute maneno ya vitu ambavyo vidole vilikuwa vikivifanya bila kuulizwa.

"Shika kwenye mzizi, siyo kwenye ncha," alisema. "Usivute hivyo, anaumia. Sasa simama. Tazama kioo. Mstari wako unakwenda wapi?"

"Unakwenda sikioni, mwalimu."

"Na ulitaka uende wapi?"

Darasa lilicheka. Msichana alifumua, akasuka upya, akaharibu, akafumua tena. Jioni mstari ulinyooka. Mashine alijikuta anatabasamu, na mikono bado iko nyuma.

Baadaye chuo kilimpima ujuzi wake, kikamwajiri. Mama Faili naye alikwenda kusukwa na wanafunzi. Aliwagombeza mwanzo mpaka mwisho, akarudi tena mwezi uliofuata. Mashine bado alifika nyumbani amechoka, sauti imemkauka. Lakini uchovu huu uliisha kwa usingizi. Alirudi zahanati kupimwa, na nesi akafurahi kuona ganzi imepungua.

Jioni moja binti alisema, "Mama, nisinyolewe tena." Mashine alimkubalia, ingawa hakuviamini vidole vyake. Nywele zikaota. Kisha Jumapili moja, bila kuitwa, binti alikuja na chanuo, akakaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake.

Mashine alianza polepole. Hakuna mteja aliyemsubiri. Mume alivuta kiti, akakaa kutazama. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Katikati ya wa tatu, mikono ilisimama.

Binti alikaza shingo. Aliikumbuka ile siku ya kinyozi.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "vimegoma?"

Mashine alivikunja vidole vyake, akavikunjua. Vyote vilimsikia.

"Havijagoma, mwanangu. Vinapumzika tu. Haya, inamisha kichwa."