Joto la Bani

"Bwana Manyanda, bado unakausha tumbaku?"

Swali hilo la Daktari Lyamba lilimfanya Dorotea ashike ukingo wa benchi. Alikuwa akiliogopa tangu walipotoka Mwamkulu asubuhi, yeye, mumewe, na Odeta, mke mdogo.

"Bado, daktari. Bani langu la kukaushia ni lile lile. Moto nakoka mwenyewe. Nalala nao kuliko ninavyolala na hawa."

Odeta alicheka kidogo. Dorotea hakuweza.

"Na sigara?"

"Mkulima wa tumbaku asipovuta, avute nani?"

Daktari hakucheka. "Huyu binti ni mzima. Mbegu zako wewe ni chache, na nyingi hazina nguvu, kama zilivyokuwa mara ile. Joto la bani na moshi vinazimaliza. Si nilikutumia ujumbe? Nilimwambia mama huyu akwambie uache bani, uache sigara, mrudi upimwe tena wakati umri wenu unaruhusu."

Odeta akageuka taratibu.

"Dada, ulijua?"

Dorotea aligeuza macho mlangoni.

Mwaka ule, habari za vyama vingi zilipoanza kusikika redioni, yeye na Manyanda walikuja hospitali hii wawili tu, wakapimwa. Majibu yalichelewa. Manyanda akamwacha Dorotea ayangoje, yeye akarudi kuwahi moto, maana bani likishawashwa haliachwi. Hapo nje kwenye benchi, kabla hajapanda baiskeli, alicheka akasema, "Wakisema ni mimi, mayu asinitafute nyumbani. Anitafute relini, treni ya Tabora ikishapita." Mayu ni mama yake.

Dorotea alirudi jioni akamkuta mumewe amejaa majivu mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Ni mimi."

Tangu hapo aliitwa gumba, akanyamaza. Manyanda alimtetea mpaka ndugu wakamchosha, akamwoa Odeta. Sasa Odeta naye alikuwa hajashika mimba, na ndugu walikuwa wamekaa uani wakitaka kumrudisha kwao na kudai ng'ombe wa mahari. Odeta aliwagomea: "Nipimwe kwanza, na yeye apimwe." Ndiyo maana walikuwa hapa.

"Doro," Manyanda aliita kwa sauti ya chini. "Ni kweli?"

"Ulisema utajilaza relini."

"Nilisema lini?"

"Hapo nje. Kwenye benchi."

Manyanda alifikiri sana. Hakukumbuka. Kule kutokukumbuka kwake kulimuumiza Dorotea kuliko matusi yote ya ukweni.

"Yale yalikuwa masihara, mke wangu! Mimi ni mtu wa kulala relini? Mimi ninayekimbia sindano?"

"Niliogopa."

"Ningeacha bani. Kwa ajili yako ningelima hata mchicha."

Dorotea akamgeukia daktari. "Na sasa? Akiacha sasa, mimi na yeye?"

"Kwa Odeta nafasi ipo, mzee akiacha moto na sigara kuanzia leo. Wewe, mama... mayai ya mwanamke yanazeeka pamoja naye. Umesema mwenyewe siku zako zimeanza kuruka."

"Nasikia Ulaya wanatunga mimba kwenye chupa."

"Ni kweli. Wanalitoa yai, wanalikutanisha na mbegu nje, halafu wanalirudisha tumboni. Lakini hata huko, jambo la kwanza watakalokuuliza ni umri. Chupa hairudishi umri, mama."

"Asante, daktari," Dorotea akasema, kama mtu aliyepewa dawa.

Njiani Odeta hakumtukana. Afadhali angemtukana. Walipovuka reli ndipo akauliza:

"Wangenirudisha kwa baba, dada, nawe ungenyamaza?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Hujui?"

"Sijui."

Odeta akafunga kanga yake vizuri, akatangulia mbele.

Uani mashemeji walikuwa wamejipanga kwenye vigoda, mayu katikati. Kabla hawajasalimia, Manyanda akaegemeza baiskeli ukutani.

"Shida ni mimi," alisema. "Tangu zamani ni mimi. Odeta haendi popote. Na nyie wote, nisisikie tena mtu anamwita Dorotea lile jina."

Dorotea akangoja kilio, akangoja ardhi ipasuke. Shemeji mkubwa alikohoa. Mwingine alitazama kuku. Mayu alimwangalia mwanae, akapangusa macho kwa upindo wa kanga.

"Basi njooni mle," akasema. "Ugali unapoa."

Ikaishia hapo. Neno ambalo Dorotea alilifungia kifuani miaka yote ile, mpaka tumbo lake nalo likafunga, lilipita uani kama habari ya mvua.

Manyanda hakula. Alibeba ndoo mbili za maji akaenda bani, alikomwachia jirani zamu ya moto, akauzima huku majani ya tumbaku yakiwa bado mabichi, jasho la msimu mzima likapotea. Mvuke ukapanda mpaka juu ya paa. Aliporudi, Dorotea alikuwa amekaa peke yake nyuma ya jiko. Manyanda akamwekea pakiti ya sigara kiganjani.

"Wewe ni hodari wa kuficha. Nifichie na hizi."

Alijaribu kucheka kama zamani, midomo ikamkatalia. Akakaa chini, bega lake likagusa la mkewe, na hakulitoa.

"Ningekwambia," Dorotea alisema. "Kila siku nilikuwa naona nitakwambia kesho."

"Najua."

Dorotea akaibana ile pakiti. Ilikuwa bado na joto la mfuko wa mumewe.