Nyuma ya Mkia

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Bi Shamim alikaanga mandazi, akamimina chai vikombe vitatu, na kimoja kikapoa bila kuguswa. Nyumba yao ya Kamwokya, mjini Kampala, ilikuwa na watu wawili tu. Kikombe cha tatu kilikuwa cha mwanawe, Zuhair, aliyepotea kando ya ziwa wakati wa mvua kubwa na hajaonekana tena.

Nusura, mke wa Zuhair, alikinywa kile kikombe kikiwa baridi. Si kwa huzuni. Hakupenda tu chai imwagwe.

Tangu siku ile hakuwahi kulia. Wanawake wa mtaa walikuja na leso zao, wakalia kwa zamu, wakamchungulia usoni, kisha wakaenda kumsema ngazini. "Mke gani huyu, macho makavu hivyo?" Nusura aliwasikia na wala hakuwalaumu. Alikuwa mwalimu wa baiolojia; alijichunguza mwenyewe kama alivyozoea kumchunguza chura mezani, akabonyeza hapa na pale, akakuta hakuna kinachoshtuka. Unajua mguu ulioukalia muda mrefu unavyokuwa? Basi yeye alikuwa hivyo mwili mzima.

Shida ilikuwa maiti. Sheikh Maftah, ndugu wa marehemu baba mkwe, alisema bila kumung'unya maneno: maiti haipo, aliyemwona akizama hayupo, basi tusubiri. Bi Shamim akaling'ang'ania hilo neno kusubiri kama kamba. Ikawa hakuna sala ya jeneza, hakuna kaburi, na Nusura si mke wala si mjane. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: ajue kwa hakika kwamba mumewe amekufa. Akishajua ataingia eda kama wanawake wengine, ataimaliza, atainuka. Kuishi kwa kupimiwa chai ya mtu asiyekuwepo kulikuwa kumemchosha.

"Unakwenda wapi na raba hizo?" Bi Shamim aliuliza.

"Kukimbia, Mama."

"Na wale wale?"

"Na wale wale."

Bi Shamim aligeuza andazi lililokuwa limeshaungua. "Ukimkuta," alisema taratibu, "mwambie chai ipo."

Wale wale walikuwa klabu ya mchakamchaka kutoka Nakawa, watu wa fulana za njano. Kiongozi wao, Ondiek, Mkenya muuza magodoro, alikuwa na sauti ya kuamsha kambi nzima ya jeshi. Siku za kawaida walipanda na kushuka vilima vya mjini, na mtu wa Kampala hapotei kwenye vilima: akiinua macho anaiona Kololo, anaiona Naguru, anajua kwao ni wapi. Lakini mara moja moja walikwenda kule chini, kwenye tuta linalopita kati ya mafunjo kutoka mwalo wa wavuvi hadi barabara ya lami. Kule ardhi imelala kama sinia. Hakuna kilima, hakuna mti. Ukungu wa asubuhi ukishuka, mbele na nyuma vinafanana.

Ndiyo maana walikuwa na wimbo wao. Ondiek alitangulia na kuita, "Kichwa kipo?" Waliokuwa naye mbele waliitikia, "Kipo!" "Tumbo lipo?" Wa katikati, wengi wao Waganda waliojifunzia Kiswahili humo humo klabuni, walipiga kelele, "Ripo!" Kisha, "Mkia upo?" Hapo aliitikia mtu mmoja peke yake, yule wa mwisho kabisa. "Upo!" Wakisikia hivyo walijua hakuna aliyeachwa.

Mkia alikuwa Zuhair. Alichomelea mageti Katwe wiki nzima, akakimbia nyuma ya watu Jumamosi, na aliipenda ile kazi ya nyuma kwa sababu hakuna aliyemhimiza. Alikuwa na kanuni yake aliyoisema kila mara akicheka: mkia haugeuki, maana nyuma ya mkia hakuna mtu.

Siku aliyopotea waliimba kutoka mwaloni hadi kwenye lami. Ondiek aliita njia nzima, na njia nzima Zuhair aliitikia, hata pale lami ilipoanza kuonekana. "Upo!" Wote walimsikia. Wakasimama, wakanyoosha misuli, wakamsubiri atokeze.

Hakutokeza.

Jumamosi hii ndiyo walikuwa wanarudi huko kwa mara ya kwanza. Mwaloni wanawake wa samaki walikuwa wanapanga sato kwenye meza za mbao. Mmoja wao alizitazama zile fulana za njano akakunja uso.

"Leo mumechelewa kuanza," alisema.

"Tumechelewaje, mama?" Ondiek akamuuliza. "Hatujafika hapa tangu mvua."

Yule mwanamke akacheka, akidhani anataniwa. "Kila Jumamosi tunasikia mchakamchaka huko kwa mafunjo. Sisi tulifikili ni majeshi."

Ondiek hakucheka. Alimvuta Nusura kando. "Shemeji, kimbia na mimi mbele. Tafadhali."

"Nitakuwa mkia."

"Leo hatuweki mkia. Tumekubaliana hivyo."

"Sasa kwa nini mlinileta?"

Nabangala, msichana wa saluni aliyekimbia daima kwenye tumbo, alimshika mkono. "Dada, wewe iko sawa? Mkono yako iko baridi sana, nnyabo."

"Niko sawa," Nusura alisema. Hakuwa ameuhisi ule mkono ulipomshika.

Wakaanza. Tuta lilikuwa la udongo mwekundu, limenyooka, mafunjo yamesimama huku na huku kupita kimo cha mtu. Mwanzoni Nusura aliona migongo yote ya njano mbele yake. Halafu ukungu ukala ya kwanza. Halafu ya katikati. Halafu akabaki na mgongo wa Nabangala tu, unaonekana na kupotea, na mwisho huo nao ukapotea. Zikabaki sauti.

"Kichwa kipo?"

"Kipo!"

"Tumbo lipo?"

"Ripo!"

Ondiek alisita. Alikuwa ameapa hataita. Lakini mazoea ni kitu kibaya.

"Mkia upo?"

Nusura alivuta pumzi aitikie.

"Upo!"

Haikuwa sauti yake. Ilitoka nyuma.

Hakuacha kukimbia. Moyo wake ulikwenda vile vile, na hilo ndilo lililomshangaza. Alisikiliza. Kulikuwa na hatua nyuma yake, za raba zilizojaa maji. Zilikanyaga pale pale alipoinua mguu wake.

"Zuhair," alinong'ona.

Hatua tu.

"Umekufa?"

Mafunjo yalitikisika upande mmoja. Upepo haukuwepo.

"Niambie tu. Sitaki kingine."

Alisikia kikohozi. Kile kikavu cha moshi wa kuchomelea, alichokipigia kelele miaka yote ya ndoa, nenda hospitali, nenda hospitali. Kikohozi kilikuwa karibu na sikio. Hakikuwa na joto la pumzi.

"Siwezi kufika," sauti ilisema. "Wa mwisho hafiki."

"Nifanye nini?"

"Nipishe."

Nusura alielewa mara moja. Hakuwa mjinga. Akipishwa yeye, mwingine atakuwa wa mwisho. Pale mbele lami ilikuwa karibu. Honi za magari zilisikika. Angeweza kukaza mwendo na kutoka. Angerudi nyumbani. Angekuta vikombe vitatu.

Alisogea kando ya njia.

Kitu kilipita. Bega lenye maji lilimgusa bega, na kwa mara ya kwanza tangu mvua alihisi kitu: baridi. Iliingia begani, ikashuka kifuani, ikafika miguuni. Ikakaa. Aliona mgongo wa njano, fulana imegandamana na mbavu, unaingia kwenye ukungu bila haraka. Hakugeuka kumtazama. Zuhair hakuwa mtu wa kugeuka.

Mbele, Ondiek aliita tena. "Mkia upo?"

Mdomo wa Nusura ukafunguka wenyewe. "Upo!"

Alipofika kwenye lami aliwakuta wote wamesimama kwenye mtaro. Nabangala alikuwa amekaa chini, kajifunika uso. Zuhair alikuwa amelala ubavu kati ya mizizi ya mafunjo, hatua chache tu kutoka barabarani, mahali ambapo polisi na wavuvi walipatafuta wakapatafuta tena. Macho yamefumbwa. Uso mzima. Kama mtu wa jana.

Daktari wa polisi alisema ni tope, tope huhifadhi. Hakuna aliyembishia. Watu wakishapewa maelezo huwa hawana haja ya kuyaamini.

Zuhair akaoshwa, akasaliwa, akazikwa. Bi Shamim alilia hadi sauti ikakauka. Kesho yake alimimina vikombe viwili. Nusura akaingia eda, akavaa nguo zisizo na urembo, akakaa ndani. Alikuwa amekipata alichokitaka. Wanawake walirudi na leso zao wakamchungulia tena, na macho yake yalikuwa makavu vile vile. Yeye mwenyewe alitegemea kwamba sasa kilio kitakuja. Alikaa, akakingoja. Hakikuja. Siku moja Bi Shamim alimletea beseni la maji ya kukanda miguu, na mvuke wake ulikuwa unapanda hadi dirishani.

"Yamezidi moto, mwanangu?"

"Hapana, Mama."

Bi Shamim alichovya kidole akakitoa haraka. Alimtazama mkwewe.

Klabu iliapa kutorudi kwenye lile tuta. Lakini Jumamosi moja asubuhi, Nusura akiwa bado kitandani, simu ililia. Alikuwa Ondiek, anahema.

"Shemeji. Uko wapi?"

"Nitakuwa wapi, shemeji? Niko eda. Niko kitandani."

"Una hakika?"

"Ondiek, wewe uko wapi?"

Ondiek alijibu kwa sauti ndogo: "Mwaloni. Wanawake wa samaki walinipigia. Wanasema sasa ni sauti ya mwanamke. Nilitaka nisikie mwenyewe. Sijaita mimi. Nakuapia, sijaita."

"Weka simu juu," Nusura alisema.

Alisikia upepo, na ndege mmoja wa majini. Alisikia mafunjo yakisuguana. Halafu, mbali, kutoka ndani kabisa, ilikuja.

"Upo!"

Ilikuwa sauti yake. Aliijua kama mtu anavyoijua sauti yake kwenye kinasa sauti, ile inayotia aibu kidogo. Ikaja tena, na safari hii alisikia kitu kingine ndani yake. Ilikuwa inalia. Ilikuwa inalia kilio chote, cha kugaragara, cha kuita jina la mume, kile ambacho mtaa mzima ulikisubiri na yeye mwenyewe alikingoja kitandani.

Simu ikakatika.

Nusura aligusa shavu lake. Kavu. Akaketi, akashusha miguu.

Sakafu ilikuwa na maji. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, za udongo mwekundu, zimeanzia pale pale kitandani kwenye upande wake, zikapita mlangoni, zikaelekea uani. Aliweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Ulienea sawasawa.

Mlango ulifunguliwa taratibu. Bi Shamim aliingia na ndoo na tambara, akapiga magoti bila kushtuka, akaanza kufuta kuanzia kitandani, kama kazi aliyoizoea.

"Mama. Tangu lini?"

"Lala tu, mwanangu," Bi Shamim alinong'ona. "Huwa nafuta kabla hujaamka."

Alikamua tambara. Maji mekundu yakatiririka ndoo ikalia.

"Hizi za kutoka," alisema, bila kuinua macho. "Za kurudi sijaziona bado."