Jicho la Shoki

Saa 2:15 asubuhi.

Nyuma ya duka la tofu, Kyoto. Gondo, mkuu wa kundi la wezi, alikandamiza kidole kwenye ramani ya hekalu.

"Leo watawa wanaanika picha zao. Saa nne wanakwenda kunywa chai. Kihachi anamshusha Shoki, anamkunja. Takuji anampokea kwa sanduku. Dakika sita. Saa tano mnunuzi yuko ghalani kwangu."

Shoki, msaka mashetani wa hadithi za Kichina, alikuwa amechorwa kwenye gombo lile la hariri kwa miaka mia tatu. Kihachi, fundi wa kubandika picha za hariri kwenye magombo, alimjua kuliko alivyomjua mkewe. Alikubali kumwiba kwa sababu moja tu: Gondo aliahidi kwamba kazi ikienda sawa, Takuji, mdogo wake Kihachi, ataondoka kundini akiwa hai.

"Na ikiharibika?" Kihachi aliuliza.

"Usiniulize unachokijua, mzee."

Saa 4:04.

Takuji aliingia ukumbi wa hekalu mikono mitupu. Kihachi alikuwa ameshalikunja gombo.

"Sanduku liko wapi?"

"Nimelisahau garini, kaka."

Nje mvua ilishaanza.

"Tusubiri ikatike," Kihachi alisema.

"Watawa hao wanarudi. Twende, bwana!"

Walikimbia hatua sitini hadi garini. Kihachi alilifunika gombo kwa koti lake, lakini mvua ilipenya.

Saa 4:20.

Hariri iliyolowa haiachwi imekunjwa. Hukunjuliwa upesi, ikaushwe kivulini, rangi isije ikagandia. Kihachi alianza kufungua kamba.

"Unafanya nini?" Takuji alifoka, mikono kwenye usukani. "Polisi wakiona limetandazwa, tumekwisha. Nakuomba, kaka. Nataka nitoke."

Kihachi akafunga kamba tena. Alijua anamharibu Shoki, na roho ilimuuma.

Saa 5:00.

Ghalani kwa Gondo, mnunuzi alikunjua gombo taratibu. Jicho la kushoto la Shoki lilikuwa limebanduka na kuganda mgongoni mwa hariri. Alivaa kofia yake, akaondoka.

Gondo alitoa bastola.

"Lilibebwa bila sanduku. Nani aliliacha?"

Takuji alitazama viatu vyake. Kihachi alimsubiri aseme ukweli.

"Mimi," Kihachi akasema. "Nilimwambia aliache. Dogo hana kosa."

"Basi dogo aende zake. Wewe utabaki."

Kihachi alishusha pumzi. Aligeuka amuage mdogo wake, hata kwa kumtazama tu.

Mlango ulikuwa wazi, na nje Takuji alikuwa ameshawasha gari.