Kamera Iliyozimwa kwa Ajili ya Mechi

Bando liliisha tena saa tatu asubuhi, kabla mtu hajashika hata simu. Katika kambi ile ya jangwani, pale Yuma, Arizona, kila gari-nyumba lilipewa kipimo chake cha intaneti, kikiisha ndiyo basi mpaka kesho. Siku ya nne mfululizo, Verlin Stucky akaenda kulalamika kwa Dwight, msimamizi wa kambi.

Dwight akatazama kompyuta, akacheka. "Mzee, usinisingizie. Kamera yako ya ndani ndiyo inayokula. Inarekodi tangu alfajiri."

"Ile hurekodi kitu kikisogea tu. Na sisi tulikuwa nje tunakunywa kahawa."

"Basi umefuga panya!"

Verlin hakucheka. Kamera ile yeye na mkewe waliifunga ukutani kwa ajili ya mama mkwe wake, Bi Opal, aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu, ili wakitoka wamwone kwenye simu. Na Bi Opal walikuwa wamemzika wiki tatu zilizopita.

Tuseme ukweli wote, maana yeye mwenyewe hakuusema. Siku aliyokufa bibi, Noreen, mkewe, alivuka mpaka kwenda Meksiko kung'oa jino kwa bei nafuu, kama wastaafu wengi wa pale wanavyofanya. "Mwangalie mama," alimwambia. Verlin akaenda kukaa kando ya bwawa la kuogelea, atazame besiboli kwenye simu. Bando lisingetosha mechi na kamera, kwa hiyo akaizima kamera. Mechi moja tu, jamani! Huku nyuma swichi ya umeme ikajikata, kiyoyozi kikanyamaza, na jua la Yuma likafanya kazi yake.

"Nilikuwa namwangalia muda wote," alimwambia Noreen. "Alilala tu, hakuamka." Noreen akambusu mikono yote miwili. Kambi nzima ikaleta vyakula na kumsifu, naye akala saladi ya viazi ya watu kwa aibu.

Sasa alipanda ngazi ya gari-nyumba lake, na harufu ya dawa ya kuchua ya Bi Opal ikampokea mlangoni. Akafungua video za asubuhi zilizokuwa zimeshaingia kwenye simu. Kiti cha bibi kilikuwa kitupu, lakini ngozi ya kiti ilikuwa inabonyea na kuinuka, inabonyea na kuinuka, polepole, kama chini ya mtu anayetaka kusimama na miguu inamkatalia, na kila ilipoinuka kitu kilikwaruza ukuta upande wa dirisha, kisha kikaja karibu, karibu zaidi, mpaka kioo cha kamera kikaingia ukungu wa pumzi.

"Verlin," kamera ikasema ukutani, taratibu. "Fungua mlango, mwanangu. Joto."

Akang'oa waya. Taa ya kamera haikuzimika.

Noreen naye alikuwa ameinusa ile harufu. Mchana huohuo akamwita jirani yao Etta, mchungaji mstaafu, aje na mafuta ya kuombea. Etta akapaka milango na madirisha, kisha akasimama mbele ya kiti, jasho likimtiririka.

"Haondoki," alinong'ona. "Kuna neno limefichwa humu. Verlin, unalijua?"

Noreen alimtazama mumewe kwa macho ya kumwamini. Macho yale ndiyo yaliyomshinda.

"Hakuna neno," alisema.

Simu ya Noreen ikalia mkononi. Video imeingia bila bando, na tarehe yake ni ya siku ile ya jino, kamera ilipokuwa imezimwa. Akaifungua. Bi Opal alikuwa hai kitini, nywele zimemganda usoni, anainua mkono kuelekea kamera na kuita jina la Verlin, tena na tena, saa nzima, kisha saa ya pili. Noreen aliitazama yote bila kuketi. Etta alitoka mapema, hakuaga.

"Noreen, mke wangu, nilitaka..."

"Ulisema alilala."

"Ilikuwa mechi tu. Niliona aibu kukwambia. Naona aibu mpaka kufa."

"Tulitaka kumtoa mama," Noreen alisema. "Hatoki. Anayetoka humu ni wewe."

Akamsukuma nje, akafunga kwa ndani. Verlin alibaki juani na soksi bila viatu, majirani wakimtazama na kugeuza nyuso. Akagonga, akaita, akaomba. Hakufunguliwa. Akasikia tu kiti kikivutwa, na Noreen akiuliza kwa upole, "Umekunywa maji, mama?"

Na sauti ya pili ikajibu.